Yah: Uungwana Wenu wa Gofu na Posa ya Mwanangu

Bartolomayo Chilewa,
Dalali wa Mifugo,
Mnadani, Chemba,
Mkoa wa Dodoma.

Kwa Katibu wa Kamati,
Mashindano Makuu ya Gofu ya Wanaume,
Uwanja wa Kando ya Bahari Penye Upepo,
Ng'ambo.

Ndugu Katibu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kofia yako ikiwa bado kichwani, maana upepo wa hapo kwenu nimeusikia habari zake. Sisi huku kiafya hatujambo. Uwele tumevuna, alizeti imekwenda kukamuliwa, na vumbi linatuingia masikioni kama kila mwaka majira haya. Salamu nimekupa kwa sababu nimelelewa, lakini shabaha ya barua hii ni kukulalamikia wewe na kamati yako yote.

Mimi ni dalali wa mifugo hapa mnadani Chemba. Huenda huko kwenu ng'ombe wanauzwa kwa mashine, kwa hiyo nieleze kidogo. Ng'ombe hawezi kujisemea. Anasimama, anatafuna, na anakojoa wakati ambao mnunuzi ndiyo kwanza ameanza kumpenda. Mwenye ng'ombe naye mara nyingi ni mtu wa aibu, ametoka mbali, akiulizwa swali anatazama viatu vyake. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Ng'ombe aliyekonda mimi humwita mwepesi wa safari. Mzee humwita mtulivu. Anayepiga mateke humwita mchangamfu. Sijawahi kusema uongo, Ndugu Katibu, huwa nachagua tu upande wa kumtazamia ng'ombe. Kazi hii imeniezekea nyumba kwa bati na imenisomeshea mtoto. Ninyi mmekuja kuiua, na kama mngeishia hapo ningenyamaza. Mmegusa na posa ya mwanangu, na hilo sikubali.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa saba ligi za mpira za Ulaya hufungwa. Hapa sokoni kuna mama anaitwa Zaitun, ana kibanda cha kuonyeshea mpira, mabenchi ya mbao na televisheni moja kubwa. Mwezi wa saba kwake ni kiangazi mara mbili. Mwaka huu akaona bora afungue chaneli yoyote ya michezo iliyokuwepo, watu wakaja, wakakaa, wakasubiri mpira. Ukaja mpira wenu, ambao ni sawa na yai la kanga.

Kwa ajili ya kumbukumbu, mimi sikutazama. Nilikwenda pale kuchaji simu. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, nimeipa televisheni mgongo, na yote ninayoyaeleza hapa nimeyapata kwa waliotazama. Siku zote nne za mashindano nilikuwa nachaji simu. Simu yangu ni ya zamani, inachelewa kujaa.

Rukia, binti wa Zaitun, yuko chuo hapo Dodoma mjini na alikuwa likizo, ndiye aliyekuwa anatufasiria. Mwanzoni watu walicheka sana. Walisema uwanja gani huu hauna mti hata mmoja, majani yamekauka, upepo unapiga hadi bendera inalala, na kila ukigeuka kuna shimo la mchanga. Kama si bahari ile pembeni, ningeapa ni njia ya kwenda Kwa Mtoro. Mzee mmoja alikaa muda mrefu akitazama, kisha akauliza, "Sasa ng'ombe wenyewe wako wapi?" Akaambiwa hakuna ng'ombe. Akasikitika, akasema malisho mazuri vile yamepewa watu wasiofuga.

Siku ya mwisho hakuna aliyecheka. Wachezaji wawili walikuwa wanafukuzana kwa karibu. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye sweta la kijivu, mpira wake uliingia kwenye majani marefu, mbali na watu. Akaufuata. Akaweka fimbo chini nyuma ya mpira, na mpira ukasogea. Haukusogea kiasi cha mtu kuona. Ulisogea kiasi cha punje ya uwele kugeukia upande wa pili. Kamera haikuuona, msimamizi alikuwa mbali, watazamaji walikuwa wanahangaika na miavuli yao. Kijana yule angepiga mpira wake akaenda zake, na dunia ingeendelea salama. Badala yake akanyoosha mkono, akamwita msimamizi, akajishitaki mwenyewe, akajiongezea pigo moja, na Rukia anasema kwenu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Pigo hilohilo ndilo lililomkosesha kombe. Alipolikosa akavua kofia, akampa mkono mwenzake, wakaondoka wanacheka.

Zaitun alisahau hata kudai chupa zake za soda. Na Kefa alilia. Huyu Kefa ni dalali mwenzangu, ni mtoto wa baba yangu mdogo, kwa hiyo ni mdogo wangu. Aliinama, akajifanya anatafuta kiatu chini ya benchi, akajifuta haraka kwa kiganja. Lakini alilia, mtu mzima na ndevu zake, kwa sababu ya yai la kanga lililogeuka kwenye nyasi. Nilimwonea aibu.

Sasa naorodhesha madhara.

1. Ukimya. Wiki iliyofuata Kefa alikuja mnadani na kipande cha boksi alichokifunga kwenye mti wa ufagio, kimeandikwa KIMYA kwa mkaa, kama kile anachonyanyua mzee wenu wa uwanjani. Kila mnunuzi anapoanza kumfikiria ng'ombe, Kefa anakinyanyua juu. Cha ajabu watu wanatii. Mnada wa Chemba, ambao zamani ulisikika kabla hujauona, sasa umetulia mpaka unasikia nzi. Ng'ombe wenyewe hawajazoea. Siku ya kwanza ya ukimya walisimamisha masikio wote, wakadhani kuna simba, wakavunja uzio na kukimbilia barabara kuu. Tulishinda tunawatafuta. Waliporudishwa, watu waliwapigia makofi mepesi ya vidole viwili, yale mliyowafundisha.

2. Kujishitaki. Kuna mfanyabiashara wa Kondoa anaitwa Hassani, mtu makini, mwenye sauti. Alileta dume la kuuza. Mimi nimekwishapanda juu ya ngazi ya lori, nimefungua mdomo nianze kulieleza lile dume, yeye akanyoosha mkono. "Jamani," akasema, "dume hili lina kikohozi cha asubuhi. Hamjakisikia kwa sababu sasa ni mchana. Najiongezea pigo moja." Mnunuzi akavua kofia, akampa mkono, akamshukuru kwa kucheza vizuri, na dume hakulinunua. Wote wawili wakaondoka wamefurahi. Mimi nilibaki juu ya ngazi na mdomo wangu wazi. Baada ya hapo ikawa ugonjwa. Mama mmoja alitangaza kwamba kuku wake anakula mayai yake mwenyewe. Muuza maziwa alisema mbele ya foleni kwamba asubuhi mvua ilinyesha ndani ya dumu lake, wakati kila mtu anajua mvua ya mwisho huku ilikuwa Aprili. Na watu wakampigia makofi, wakanunua maziwa yote. Madalali sasa tunakaa kwenye kivuli cha lori, tunatazamana. Nani atamhitaji mtu wa kuchagua upande wa kumtazamia ng'ombe, ikiwa mwenye ng'ombe anakuonyesha pande zote?

3. Wabeba fimbo na wapima upepo. Mchungaji wa ng'ombe tangu zamani ana fimbo yake moja, anaibeba mwenyewe begani. Sasa hapa Chemba mchungaji, kama wachezaji wenu, anatangulia mikono mitupu, nyuma yake anakuja mwenzake na furushi la fimbo, na kila ng'ombe akikaidi wanasimama wote wawili, wananong'onezana fimbo ipi inafaa. Wakikubaliana, ng'ombe yuko kwenye shamba la mtu. Pia kuna mafundi waliopewa kazi ya kuchimba choo cha kanisa letu. Wanaizunguka ile alama ya shimo, wanachuchumaa, wanafumba jicho moja, wanarusha majani hewani waone upepo unaelekea wapi. Nimewaambia upepo hauna uhusiano na kina cha choo. Hawakunijibu, walikuwa wanaheshimu ukimya. Mpaka leo waumini tunaomba choo kwa majirani.

4. Lalamiko hili lilimhusu mke wangu Hilda, unga wa ugali na upepo. Amelisoma, nimeliondoa.

5. Posa. Hapa naomba uweke chini chai yako, Ndugu Katibu.

Nina mtoto mmoja tu, Stanley. Anatengeneza simu hapo sokoni, ni kijana mpole, hana makuu. Mwaka juzi kwaya yetu ilikwenda kwenye mashindano Mpwapwa, yeye akipiga ngoma, na kwenye kwaya ya Kibakwe kulikuwa na binti anaongoza sauti ya pili. Anaitwa Anastazia, anafundisha watoto wa chekechea. Kwaya yetu ilishika mkia siku ile kwa sababu mpiga ngoma alikuwa anatazama pembeni. Tangu hapo Stanley amekuwa mtu wa kutabasamu peke yake akiwa na bisibisi mkononi, na mimi na mama yake tukaelewa.

Kwa desturi zetu baba wa kijana haendi kwenye posa ya kwanza. Anabaki nyumbani, anajifanya hana habari, na anamtuma mshenga. Mshenga ni dalali wa watu. Mimi nilimteua Kefa tangu mwezi wa tatu, kabla hamjamharibu, na nilimteua kwa sababu aliwahi kumuuza ng'ombe wa pembe moja kwa maelezo kwamba ni mbegu mpya. Nilijua Stanley yuko kwenye mikono salama.

Kuna na jambo la zizi, ambalo lazima ulielewe ili ujue ukubwa wa dhambi yenu. Kwetu Wagogo mtu hafugi ng'ombe wake wote mahali pamoja. Wengine anawaacha kwa ndugu, wengine kwa rafiki, ili ugonjwa au ukame ukipita usimmalize. Kwa hiyo katika zizi langu wamo wangu, wamo wa shemeji, wamo wa jirani, na wangu wengine wako kwao. Wageni wa posa wakija wanaonyeshwa zizi zima. Wanatikisa vichwa, wanasema tumeona, na hakuna anayeuliza yupi ni wa nani. Kuuliza ni utovu wa adabu. Kujibu bila kuulizwa ni jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuanze kufuga.

Kefa alikwenda Kibakwe na shati jipya. Baba wa binti, Mzee Nathanaeli, alimpokea vizuri pamoja na wadogo zake, wakamchinjia jogoo, wakala, wakanawa. Kefa akasimama kueleza habari za kijana wetu. Haya aliniambia mwenyewe aliporudi, kifua mbele, akisubiri nimpe mkono. Alivua kofia. Akanyoosha mkono juu. Akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Kabla sijamsifia kijana wetu, kuna mpira umesogea na ninyi hamkuuona."

Ndugu Katibu, nikiandika maneno hayo presha inapanda upya. Aliwaambia kwamba Stanley anakoroma mpaka mbwa wanabweka. Aliwaambia hawezi kukamua, na kwamba ng'ombe wamekwishamjua na wanampangia foleni ya kumpiga mateke. Aliwaambia alianguka na pikipiki akiwa amebeba mayai ya mchungaji wa kanisa letu, kisha akamwambia mchungaji kwamba wiki hiyo kuku waligoma. Aliwaambia anaogopa bata mzinga. Hilo hata mama yake mkubwa halijui! Na kila alipotaja moja alisema, "Tunajiongezea pigo." Nilidhani amemaliza. Akaniambia hapana, aliwafikisha na zizini. Aliwaambia wale wazee kwamba siku wakija Chemba wataonyeshwa ng'ombe wengi wazuri, na zaidi ya nusu si wa kaka yake Bartolomayo. Halafu akatoa kadi mfukoni, kama ya wachezaji wenu, ameandika mapigo yote, akamwomba Mzee Nathanaeli asaini kwamba yamehesabiwa sawasawa.

Mzee Nathanaeli hakusaini. Aliishika ile kadi, akaitazama, akawatazama wadogo zake. Akasema, "Tumesikia. Nendeni. Tutawaita." Kwenye posa maneno hayo ndiyo namna ya kufunga mlango kwa adabu.

Mwezi umepita na hatujaitwa. Stanley anakwenda kazini, anarudi, anakaa. Sahani ya ugali inarudi jikoni imejaa kama ilivyokwenda. Ngoma ya kwaya ameining'iniza ukutani. Nilimwambia nitamshughulikia Kefa, nitamfukuza udalali, nitamnyang'anya hata lile boksi lake la KIMYA. Akaniambia, "Baba, muache baba mdogo. Yote aliyosema ni kweli." Kana kwamba hilo ndilo swali! Mimi maisha yangu yote nimewasemea ng'ombe wa watu wakapata kwa kwenda, na mwanangu mwenyewe, mtoto mzuri asiye na ubaya na mtu, nimeshindwa kumpatia mtu wa kumsemea. Naumia, Ndugu Katibu. Naandika kwa adabu, lakini naumia.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba kwa haraka.

Kwanza, kamati yako imwandikie Kefa barua yenye muhuri, kwamba uungwana wa gofu ni wa ndani ya kamba za uwanja tu, na mtu akishatoka nje ya kamba anaruhusiwa kuishi kama watu wengine. Muhuri uwe mkubwa. Kefa anaheshimu muhuri.

Pili, mwakani mteue mchezaji mmoja adanganye. Sisemi wote, ninyi mna heshima zenu, nasema mmoja. Adanganye mchana kweupe, kamera ikimwelekea. Ausogeze mpira kwa mguu, si kiasi cha punje ya uwele, bali hatua nzima, na akiulizwa aseme ni upepo. Kisha mumpe kombe, na makofi ya vidole viwili, ili Kefa aone kwa macho yake kwamba dunia haikuanguka.

Tatu, kama hilo linawashinda, mleteni yule kijana wa sweta la kijivu. Atafikia kwangu, Hilda atampikia mlenda, na sweta aje nalo, kwa sababu Kibakwe kuna milima na baridi yake si ya mchezo. Tutakwenda naye kwa Mzee Nathanaeli. Kazi yake ni ndogo. Atasimama, atavua kofia, atasema kwamba siku ile mpira haukusogea, kwamba alikuwa amechoka, macho yalimdanganya, na kwamba washenga wote duniani waliomuiga wamekosea. Mimi nitakuwa pembeni kumweleza pale atakapokwama.

Nne, msipojibu kabisa, tutayahamishia mashindano huku. Usicheke. Upepo tunao. Mchanga tunao. Majani ya rangi ile tunayo kuanzia Juni hadi Desemba, na mashimo tunayo kuliko ninyi, maana muhanga, yule mnyama mla mchwa, anachimba bila kulipwa. Bahari ndiyo hatuna, na kwa nilivyosikia bahari yenu haiingii uwanjani. Mashindano yakiwa Chemba yatafuata kanuni za mnada wa zamani. Watazamaji watapiga kelele. Kila mchezaji atakuwa na dalali wake badala ya mbeba fimbo. Mpira usipoingia shimoni, dalali atalieleza shimo mpaka lionekane limesogea lenyewe, na mshindi atakuwa yule ambaye dalali wake amenyamaza mwisho. Tutaona hapo nani ana mchezo wa kweli na nani anacheza na nyasi.

Sina zaidi. Wasalimie wanakamati wote, wabeba fimbo na migongo yao, mama anayeshika bendera, wale wenye miavuli, na yule mzee anayenyanyua kibao cha kimya, umwambie kwamba ana ndugu yake huku. Msalimie pia kijana wa sweta la kijivu, pamoja na mama yake, ambaye naamini alipata tabu sana kumlea. Mungu awatulizie upepo.

Ni mimi ninayeumia kwa adabu,

Bartolomayo Chilewa,
Dalali wa Mifugo, Chemba.

Nyongeza: Ndugu Katibu, nilikuwa natafuta bahasha, Kefa akaingia. Ametoka Kibakwe. Wametuita.

Mzee Nathanaeli amesema ameozesha mabinti wanne kabla ya Anastazia, na kila mshenga aliyekuja alimletea malaika. Malaika wa kwanza alikuwa mlevi. Wa pili alikuwa na mke mwingine Manyoni. Hao wawili waliobaki hakutaka kuwaongelea. "Safari hii," alimwambia Kefa, "mmeniletea mtu." Na mwezi ule mzima hawakuwa wamekasirika. Walikuwa wanabishana wenyewe kwa wenyewe nini nao wakiri, kwa sababu sisi tulikwishajiongezea mapigo na wao hawakutaka kuonekana wameshinda kwa hila. Mwisho walikubaliana. Anastazia akikasirika haongei, anaimba sauti ya pili peke yake kutwa nzima, na hakuna wa kumwimbia ya kwanza. Na katika zizi ambalo tungeonyeshwa Kibakwe, zaidi ya nusu ya ng'ombe si wa Mzee Nathanaeli. Kwa hiyo ametaka mahari yawe wale ng'ombe ambao ni wangu kweli, hata wakiwa wachache, naye atawaweka mbali na wale ambao si wake. Kadi amesaini. Na bata mzinga wake amempeleka kwa shemeji yake, akae huko mpaka Stanley azoee nyumba.

Stanley amekula. Ameomba na nyongeza, na sasa hivi naisikia ngoma.

Kwa hiyo maombi yangu yote manne nayaondoa, hasa lile la mchezaji wa kudanganya. Nakusihi usimruhusu hata mmoja. Ninachoomba sasa ni tarehe ya mashindano ya mwakani, ili harusi tuipange wiki inayofuata, maana Mzee Nathanaeli atakuja mapema na nimekwishamwahidi nafasi ya kukaa kwa Zaitun.

Na kuna jambo la mwisho kabla sijaifunga bahasha. Simu yangu haikuwa na tatizo. Ilijaa siku ya kwanza, kabla ya mchana. Nilikuwa benchi la mbele siku zote nne. Na aliyelia siku ile chini ya benchi hakuwa Kefa. Kefa ndiye aliyenipa leso, hakuna mwingine aliyeona, na hajamwambia mtu mpaka leo. Najiongezea pigo moja.